Azimio likisema 'ondokeni', daraja la Rusizi linabadilika nini?

RUSIZI. Ukisimama Cyangugu, Bukavu unaiona kwa macho: nyumba zimepanda vilima upande wa pili wa mto Rusizi, pale maji ya Ziwa Kivu yanapoanza safari ya kwenda Tanganyika. Kwa mchuuzi anayevuka asubuhi na nyanya, unga au maziwa na kurudi jioni na hela ya matumizi ya nyumbani, miji hii miwili ni soko moja lenye daraja katikati.

Ndiyo maana kila Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa linapotoa azimio kuhusu majeshi ya kigeni na makundi yenye silaha mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo (DRC), swali la huku mpakani ni moja: kesho darajani kutabadilika nini?

Jibu linaanzia kwenye kusoma vizuri. Azimio husomwa kama makubaliano ya mali kauli: nani anaambiwa, anaambiwa kwa neno gani, na mwisho wa kutimiza ni lini.

Watatu wanaoambiwa

Azimio namba 2773 lilipitishwa Februari 21, 2025, siku chache baada ya M23 kuingia Bukavu. Wajumbe wote 15 wa Baraza waliliunga mkono. Lilitolewa chini ya Sura ya Saba ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, sura inayolipa Baraza mamlaka ya kulazimisha na si kushauri tu.

Kwa M23, Baraza 'linaamua': kundi hilo lisitishe mapigano mara moja, liondoke Goma, Bukavu na maeneo mengine yote linayoyashikilia, na livunje tawala ambazo limeziweka. Kwa Jeshi la Ulinzi la Rwanda (RDF), Baraza 'linatoa wito': liache kuisaidia M23 na liondoke mara moja katika ardhi ya DRC bila masharti. Kwa upande wa jeshi la DRC, Baraza linalaani msaada wake kwa baadhi ya makundi, hasa FDLR, na kutaka ukome.

'Kuamua' ni neno zito, kwani Kifungu cha 25 cha Mkataba kinazibana nchi wanachama kutekeleza maamuzi ya Baraza. 'Kutoa wito' huwaachia wanasheria nafasi ya kubishana. Hata hivyo, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilieleza mwaka 1971, katika shauri la Namibia, kwamba uzito wa azimio haupimwi kwa neno moja, bali kwa maneno yake yote, mjadala uliolizaa na vifungu vya Mkataba vilivyotumika.

Hapo ndipo kila upande unaposhika mstari wake. Kinshasa huanza na ule wa RDF. Kigali huanza na ule wa FDLR, kundi lenye mizizi kwa waliofanya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, na husema ilichochukua ni hatua za kujilinda. Lakini azimio halikuweka foleni. Halisemi RDF isubiri FDLR imalizwe, wala halisemi jeshi la DRC liendelee kuisaidia FDLR hadi RDF iondoke.

Kinachokosekana ni tarehe

'Mara moja' si tarehe, na mpaka huu unalijua hilo siku nyingi. Juni 16, 2000, baada ya majeshi ya Rwanda na Uganda kupigana Kisangani, Azimio 1304 lilidai nchi zote mbili ziondoe askari wao bila kuchelewa. Neno lilikuwa kali, lakini miaka miwili ilipita. Rwanda ilitangaza kuondoa askari wake mwaka 2002, baada ya Mkataba wa Pretoria wa Julai 30 kuweka siku 90, kuibebesha DRC kazi ya kuwanyang'anya silaha Interahamwe na askari wa jeshi la zamani la Rwanda, na kuzipa Afrika Kusini na Umoja wa Mataifa jukumu la kuhakiki.

Mkataba wa Washington, uliosainiwa na DRC na Rwanda Juni 27, 2025, ulifuata njia hiyo hiyo: kuimaliza nguvu FDLR, na Rwanda kuondoa kile ulichokiita hatua za kujilinda. M23 haikusaini huko. Mazungumzo yake na Kinshasa yalifanyika Doha. Marais wa nchi hizo mbili walikutana Washington Desemba 4, 2025 kuthibitisha ahadi zao. Siku chache baadaye M23 iliingia Uvira, kisha ikatangaza kuondoka.

Risiti ya ng'ambo

Kwa mfanyabiashara, mstari mzito kuliko yote ni ule wa tawala. Bukavu ilipotwaliwa, meza za ushuru za ng'ambo zilipata wenyewe wapya, na benki za mji huo zikafungwa. Anayevuka hana hiari: hulipa anapoambiwa kulipa. Lakini Baraza limekwisha kusema tawala hizo si halali. Risiti iliyopita darajani inaweza kukataliwa mzigo ukifika eneo la serikali, na mwenye mzigo akalipa mara ya pili.

Kuna jingine. M23 na FDLR zote ziliwekwa kwenye orodha ya vikwazo ya Baraza Desemba 31, 2012, na nchi wanachama zinatakiwa kuhakikisha fedha na mali haziwafikii walio kwenye orodha hiyo. Agizo hilo linaelekezwa kwa serikali, na halimkatazi mama kuuza nyanya. Kwa mwenye dhahabu au koltani ni habari nyingine: ataulizwa mzigo ulikotoka na nani alilipwa njiani.

Azimio halifungi mpaka wala haliufungui. DRC na Rwanda zote ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, DRC tangu 2022, na biashara kati yao ina kanuni zake. Kwa hiyo likitoka azimio jingine, mwenye mzigo asiishie kwenye kichwa cha habari. Atafute tarehe, na jina la atakayehakiki. Visipokuwepo, atunze risiti zake zote, za huku na za ng'ambo, na apige hesabu ya mzigo kwa ushuru wa pande mbili.