Kinena cha Mcheza Mpira: Kwa Nini Kuchuliwa na Kupumzika Hakutoshi

Maji yakitoka kwenye ghuba ya Tungue, ufuo wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, unageuka kiwanja. Vijiti viwili huku, viwili kule, na mpira unaanza. Ni vivyo hivyo Mocímboa da Praia, Ibo, na Paquitequete kule Pemba, mtaa wa wavuvi uliopokea maelfu ya watu waliokuja kwa mashua wakikimbia vita mwaka 2020. Watu wanacheza miguu mitupu, juu ya mchanga ambao karibu na maji ni mgumu, na hatua chache juu unameza mguu. Hukosi kumwona mchezaji aliyepiga shuti akajishika ndani ya paja, akachechemea kidogo, kisha akaendelea kucheza.

Huyo anaumwa kinena. Nyumbani ataambiwa ana ngiri, au mtoki, au mshipa umekazika. Atapakwa mafuta ya nazi ya moto, atachuliwa, atapumzika wiki mbili tatu. Maumivu yatatulia. Siku atakayokimbia kwa nguvu na kugeuka ghafla, yatarudi palepale. Kuna wanaoacha mpira kabisa kwa ajili hiyo, na hilo linaniuma, kwa sababu tiba ipo, imepimwa, na haitaki mashine.

Ndani ya kila paja kuna kundi la misuli mitano ambayo kazi yake ni kuuvuta mguu kuelekea katikati ya mwili. Unaoumia mara nyingi zaidi ni ule unaotokeza na kushikika kwa vidole ukiketi umepanua magoti. Umejishikiza kwenye mfupa wa kinena kwa kano fupi, na juu ya mfupa huohuo imejishikiza misuli ya tumbo. Mfupa wa kinena, basi, umekaa kama mlingoti wa jahazi: umesimama kwa sababu kamba zinauvuta pande zote, na moja ikilegea nyingine zinabeba mzigo usio wao. Mchezaji anapopiga shuti, mguu uko nyuma na umetanuka. Unapoanza kurudi mbele, ndipo msuli huo unanyooshwa kwa kasi kubwa kuliko wakati wowote wa pigo, huku ukitakiwa kuvuta. Kugeuka ghafla, kunyoosha mguu kuudaka mpira unaotoroka na kuruka pia humjeruhi mchezaji kwa njia hiyo.

Kwa miaka mingi hata madaktari walikuwa wakiyaita maumivu haya majina tofauti, kila mmoja na lake. Novemba 2014 wataalamu 24 kutoka nchi 14 walikutana Doha, Qatar, wakakubaliana kuyapanga kwa mahali yanapotoka: misuli ya ndani ya paja, msuli unaokunja nyonga, mfereji wa kinena, mfupa wa kinena, na kiungo cha nyonga chenyewe. Mpango huo unategemea vidole vya mpimaji na nguvu ya mgonjwa kuliko picha za gharama. Mlaze mchezaji chali, weka ngumi yako kati ya magoti yake, mwambie abane. Kama maumivu anayoyajua yanatokea ndani ya paja, na ukibonyeza mzizi wa msuli kwenye mfupa anaruka, umeshapata fununu nzuri. Katika mkoa huu wa Palma na Pemba, ambao vituo vingi vya afya viliharibiwa au kufungwa tangu mapigano yaanze Oktoba 2017, kipimo cha ngumi ni kitu cha maana.

Sasa tuje kwenye tiba. Februari 1999, daktari wa Denmark Per Hölmich na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet jaribio la wanamichezo wanaume 68 waliokuwa na maumivu sugu ya kinena. Nusu walichuliwa, wakanyooshwa misuli, wakapigwa miale ya leza na kupitishiwa umeme mdogo. Nusu ya pili walifanyishwa mazoezi ya nguvu na mizani ya mwili kwa wiki 8 hadi 12. Waliofika mwisho walikuwa 59. Kati yao, waliorudi michezoni kwa kiwango chao cha zamani bila maumivu walikuwa 23 kwa kundi la mazoezi, na 4 tu kwa kundi la kuchuliwa. Walipofuatiliwa miaka 8 hadi 12 baadaye, faida ya mazoezi ilikuwa bado ipo.

Sababu yake si ngumu. Kupumzika kunatuliza maumivu lakini hakuongezi uwezo wa kano. Kano isiyobebeshwa mzigo inazidi kudhoofika. Kuchua kunaburudisha, na sina ugomvi na wachuaji wetu, lakini mkono wa mtu mwingine hauwezi kuujenga msuli wako.

Zoezi la kwanza la Hölmich linataka mpira tu. Lala chali, miguu imenyooka, weka mpira kati ya nyayo, bana kwa nguvu sekunde 30, legeza, mara kumi. Kisha kunja magoti, weka mpira kati yake, rudia vilevile. Siku tatu kwa wiki. Baada ya wiki mbili mzigo unaongezwa: unalala ubavu na kuuinua mguu wa chini, unafanya mazoezi ya tumbo na mgongo, unasimama kwa mguu mmoja. Maumivu madogo wakati wa zoezi si hatari, alimradi kesho yake asubuhi yasiwe makali kuliko jana.

Kwa ambaye hajaumia kuna zoezi moja linalotosha. Unalala ubavu ukiegemea kiwiko. Mwenzako anaushika mguu wako wa juu kwenye goti na kifundo. Wewe unauinua mwili wote kwa nguvu ya paja hilo mpaka miguu ikutane, kisha unashuka polepole. Norwei walilijaribu kwa timu 35 zenye wachezaji 652, wakachapisha matokeo mwaka 2019: timu zilizolifanya zilipunguza matatizo ya kinena kwa asilimia 41. Lilifanywa mara tatu kwa wiki kabla ya msimu, mara moja kwa wiki msimu ukianza.

Ngiri nayo ipo kweli, na mabusha ni ugonjwa wa pwani hii. Uvimbe unaotokeza ukikohoa na kurudi ukilala unahitaji daktari. Korodani ikiuma ghafla na vikali, huenda imejisokota. Hapo kinachohesabiwa ni saa. Mtoto wa miaka 10 hadi 16 anayechechemea na kulalamika nyonga au goti asifanyishwe zoezi lolote kabla ya kupigwa picha, maana kichwa cha mfupa wa paja huweza kuteleza. Mwenye selimundu anayeumwa nyonga naye awahi, kwa kuwa mfupa huo huweza kufa kwa kukosa damu. Homa, au maumivu yanayokuamsha usiku, si ya mpira.

Na mchanga? Watafiti waliopima mwaka 1998 waliona kukimbia juu ya mchanga kunakula nguvu mara 1.6 ya ardhi ngumu, kwani mguu unapozama sehemu ya nguvu inaishia kwenye mchanga. Kwa hiyo anayerudi kutoka kwenye jeraha aanze kwenye mchanga mbichi ulioshikamana, maji yakiwa yametoka mbali. Akimbie mbele kwanza, wiki inayofuata aongeze kasi, kisha kugeuka. Pasi fupi zitangulie. Mashuti ya mbali ayaache mwisho kabisa, mpaka aweze kuibana ngumi kwa nguvu zake zote bila kusikia kitu.