Kwa nini boda wa Chunyu anamkimbia trafiki

Kila inapozunguka video ya trafiki akivutana na bodaboda, sisi tulio nje tunauliza: si angesimama tu?

Marekani swali hilo halina ugumu. Tangu 1977 Mahakama ya Juu ya huko inamruhusu polisi kumshusha dereva aliyesimamishwa kihalali, na vijana wetu tunawafunza kuweka mikono kwenye usukani na kusubiri. Nyumbani Tanzania dereva hushuka mwenyewe akamfuata afande na shikamoo. Usijaribu Houston.

Lakini kijana wa kata ya Chunyu, kule Ruangwa, mara nyingi hakimbii kwa jeuri. Pikipiki ni ya mkataba, jioni tajiri anataka hesabu, na leseni pengine hana. Faini ilikuwa shilingi 30,000 kwa kosa, sawa na mwenye lori, hadi bajeti ya 2021/22 ilipoishusha kuwa 10,000 kwa bodaboda na bajaji. Hata hivyo pikipiki ikilala kituoni, hesabu ya tajiri hailali. Basi akiona sare nyeupe njia panda, anakatiza mikoroshoni.

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inamtaka asimame, hilo halina mjadala. Ila Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa polisi nguvu ya kumkamata anayekaidi kwa kiasi kinachohitajika tu, si zaidi. Kumvuta shati mtu aliye kwenye mwendo, abiria yuko nyuma, kwangu huko si kukamata. Ni kuangusha watu wawili kwa kosa la shilingi 10,000.

Na akiumia, amlalamikie nani? Kenya wana IPOA, chombo huru kilichoundwa kwa sheria ya 2011. Hata hapo kulalamika kuna gharama: Josephat Mwenda, bodaboda, alipigwa risasi mkononi na polisi aliyemsimamisha mwaka 2015, akashtaki. Juni 2016, wakitoka mahakamani Mavoko, yeye, wakili wake Willie Kimani na dereva teksi Joseph Muiruri walitekwa na kuuawa. Polisi watatu walihukumiwa Februari 2023, mmoja wao kifo.

Tanzania haina chombo cha namna hiyo. Unalalamika kwa polisi wenyewe, au kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo huchunguza na kupendekeza. Ndiyo maana mdogo wangu, naye bodaboda, akiomba hela ya tairi, naulizia leseni kwanza.