Mwigizaji Anakanyaga Nini?

Ukitaka kujua kama mtu unayemwona kwenye video alikuwapo kweli mahali pale, usimtazame usoni. Mtazame miguu. Video nyingi za nyimbo zinazotengenezwa kwetu zinaikwepa: mwimbaji anachukuliwa kuanzia magotini kwenda juu, nyuma yake kuna kasri la marumaru au mawingu yanayokwenda mbio kuliko upepo wowote. Fundi anajua anachokimbia. Kumtoa mtu kwenye kitambaa cha kijani kilichotundikwa nyuma yake wakati wa kupiga picha ni kazi inayojaribiwa siku hizi hata na programu za simu. Kumpa ardhi ya kusimama, kikombe cha kushika na ukuta wa kuegemea ambavyo studio havikuwapo, hapo ndipo bajeti huishia na usiku huwa mrefu.

Lakini kitambaa nacho kina elimu yake. Katika njia hii kompyuta haitafuti mtu, inatafuta rangi. Kila pikseli ina namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Kwenye ngozi ya binadamu, awe Mmakonde au Mswidi, nyekundu huwa juu ya kijani. Kwenye kitambaa, kijani huzipita zote mbili kwa mbali. Basi programu huchukua namba ya kijani, ikaondoa ile iliyo kubwa kati ya nyekundu na buluu, na kinachobaki kinaieleza pikseli hiyo ni kitambaa kwa kiasi gani. Hesabu hii ya tofauti ya rangi tunaidai kwa Petro Vlahos, mhandisi wa Marekani aliyeikamilisha kwa ajili ya filamu ya Ben-Hur ya 1959. Wakati huo kompyuta haikuhusika. Mambo yalifanywa kwa kemikali, vichujio na mikanda ya filamu iliyolazwa mmoja juu ya mwingine, na kitambaa kilikuwa cha buluu. Buluu ndiyo aliyoitumia pia Larry Butler kwenye The Thief of Bagdad ya 1940, filamu ya jini mkubwa anayetoka chupani, kazi iliyompatia Oscar.

Kijani kilishika kiti baadaye kwa sababu ya kamera za kidijitali. Kamera nyingi zinafuata mpangilio ambao Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak alipata hataza yake 1976: juu ya kihisi, vipokezi vya kijani ni mara mbili ya vile vya nyekundu au vya buluu. Kijani hurekodiwa kwa usafi zaidi, na kitambaa chake hakihitaji taa nyingi. Hata hivyo hakuna sheria hapo. Katika Spider-Man ya 2002, shujaa mwenye vazi jekundu na buluu alipigwa picha mbele ya kijani, na adui yake mwenye vazi la kijani akawekwa mbele ya buluu. Mavazi ndiyo yanayochagua kitambaa.

Kazi ya programu ikiisha tunapata picha ya nyeusi na nyeupe: nyeupe ni mtu, nyeusi ni kitambaa. Anayeanza hufurahi akiona nyeupe kavu na nyeusi kavu. Mzoefu anaangalia kijivu. Unywele mmoja ni mwembamba kuliko pikseli, kwa hiyo pikseli ya ukingoni huwa na, tuseme, asilimia 40 ya unywele na 60 ya kitambaa. Hapo mtu hakatwi, anachanganywa: asilimia 40 ya rangi ya unywele na asilimia 60 ya mandhari mapya. Utaratibu huu uliwekwa sawasawa na Thomas Porter na Tom Duff katika andiko lao la 1984, na kila programu ya kuunganisha picha hadi leo inautumia. Ukikibana kile kijivu ili ukingo uwe mkali, unapata mtu wa kukatwa kwenye gazeti. Mkono unaopungwa haraka nao una kijivu chake, kwa sababu ndani ya fremu moja umepita sehemu nyingi. Kamera za bei nafuu huongeza tatizo jingine kimyakimya: ili faili iwe ndogo, huhifadhi rangi mara moja tu kwa kila pikseli nne. Macho hayagundui, lakini programu inayotegemea rangi inagundua, na ukingo wa bega unakuwa ngazi.

Halafu kuna kijani kinachorudi. Mtu aliyevaa kanzu nyeupe akisimama karibu na ukuta uliopakwa kijani, kanzu yake hubadilika rangi upande mmoja. Studio ni hivyohivyo: kitambaa kikiwashwa taa kinageuka taa, na kijani chake hutua mashavuni, kwenye upara na kwenye miwani. Dawa ya kwanza ni umbali. Mita tatu kati ya mtu na kitambaa ni mwanzo mzuri, na kitambaa kiwe na taa zake na mtu awe na zake. Programu hupunguza kilichobaki kwa kukishusha kijani popote kinapopita wastani wa nyekundu na buluu. Ukizidisha, ngozi inakuwa ya mtu aliyeshikwa na kichefuchefu.

Hadi hapa tumemtoa mtu. Sasa anakwenda wapi?

Swali la kwanza ninaloliuliza kabla taa haijawashwa ni moja: jua la huko liko upande gani? Mandhari ya kompyuta yanaweza kubadilishwa hata wiki ya mwisho, lakini kivuli cha pua kikishaangukia shavu la kushoto, kimeangukia. Wateja wengi huja na mwigizaji aliyekwisha kupigwa picha kwa taa laini pande zote, kisha wanataka asimame jangwani saa sita mchana. Hapo hakuna programu ya kukuokoa. Timu kubwa hubeba mipira miwili, mmoja wa kijivu na mwingine unaong'aa kama kioo, na kuipiga picha pale aliposimama mwigizaji. Wa kijivu unaonyesha mwanga mkuu unatoka wapi na ni mkali kiasi gani. Wa kioo unabeba chumba kizima, kila taa mahali pake. Paul Debevec alionyesha 1998 jinsi picha za aina hiyo zinavyoweza kutumika kuviangazia vitu vya kompyuta, na tangu hapo mpira wa kioo umekuwa kifaa cha kawaida cha kazi.

La pili ni urefu wa kamera, na hili huharibu video nyingi kuliko kijani chenyewe. Kwenye ardhi tambarare, mstari wa upeo wa macho hupita kwa kila mtu katika urefu uleule wa lenzi. Kamera ikiwa mita moja na nusu kutoka chini, upeo unawakata watu wazima karibu na mabega, wa karibu na wa mbali vilevile. Ukimpiga mwimbaji picha kamera ikiwa usawa wa kiuno, kisha ukamweka kwenye ufukwe ambao upeo wake unapita juu ya kichwa chake, mtazamaji asiyejua lolote kuhusu lenzi atahisi kwamba mtu huyu anateleza kwenye mteremko, ingawa hataweza kueleza kwa nini.

Tukija kwenye miguu yenyewe, inahitaji vivuli viwili. Kimoja ni cha jua, kirefu, chenye umbo la mtu. Kingine ni chembamba na cheusi, pale soli inapokutana na ardhi na mwanga hauingii. Cha pili ndicho kinachosahauliwa, na bila hicho mtu anaelea hata kama kivuli cha kwanza kimechorwa kwa ustadi. Lakini vivuli havitoshi. Mchanga hubonyea. Nyasi hulala kisha huinuka. Vumbi hupanda, matope hung'ang'ania. Kila kimoja kinaweza kuchorwa na kompyuta, na kila kimoja kina gharama, na vyote pamoja vinakulazimisha kuuliza kama haingekuwa rahisi kununua magunia ya mchanga.

Jibu la wenye fedha nyingi kuliko sisi linashangaza: walinunua mchanga. The Jungle Book ya 2016, iliyoongozwa na Jon Favreau, ina msitu wa India ambao karibu wote ni wa kompyuta, na wanyama wote ni wa kompyuta. Binadamu anayeonekana karibu muda wote ni mtoto mmoja, Neel Sethi, na alipigwa picha ndani ya studio mjini Los Angeles. Hata hivyo pale alipokanyaga palijengwa: kipande cha ardhi chenye udongo na mizizi, wakati mwingine si kikubwa kuliko hatua alizopaswa kupiga. Nje ya kipande hicho, kitambaa. Alipompanda dubu Baloo mtoni, alikaa juu ya kitu chenye manyoya ndani ya bwawa la kweli, na mwongozaji mwenyewe aliingia majini ili mtoto awe na mtu wa kumtazama na kumrushia maji. Wachezesha vikaragosi wa Jim Henson's Creature Shop walishika nafasi za wanyama wengine. Vikaragosi hivyo vilifutwa, manyoya yakachorwa upya, lakini macho ya mtoto yalikuwa yamemwona mtu, na maji yalikuwa yamemlowesha. Filamu hiyo ilichukua Oscar ya athari za picha.

Wasomaji wengi wataijua zaidi Black Panther ya 2018, aliyocheza Lupita Nyong'o. Humo mna somo na kinyume chake. Maporomoko ambako wafalme wa Wakanda hupigania kiti yalijengwa Atlanta: miamba ya kutengenezwa, lakini maji ya kweli yakimwagika na waigizaji wakipigana ndani yake. Kompyuta iliongeza urefu wa maporomoko na kila kilicho mbali. Ukitazama, mguu ukitua, maji yanaruka kwa uzito wa mtu. Kisha njoo kwenye pambano la mwisho, chini ya ardhi, ambako wapiganaji wenyewe ni miili ya kompyuta wanaporuka na kuanguka ndani ya mgodi wa kompyuta. Kwa macho yangu, uzito umetoweka. Ni filamu ileile, na kampuni zilizofanya kazi hiyo si za watoto. Tofauti ni kwamba kwenye maporomoko kitu cha kweli kiligusana na kitu cha kweli mbele ya kamera, na kompyuta ikapewa kazi ya kupanua tu. Filamu hiyo ilishinda Oscar ya ubunifu wa mandhari, kazi ya Hannah Beachler na Jay Hart, na ya mavazi, kazi ya Ruth Carter. Katika athari za picha haikuteuliwa.

Vitu vya mkononi vinafuata mantiki hiyohiyo. Kama mwigizaji atashika mkuki wa kompyuta, mpe fimbo yenye uzito wa mkuki, maana misuli ya mkono haidanganyi. Kama kitu hicho kinatoa mwanga, mwanga huo nao utoke studio. Katika Star Wars: The Force Awakens ya 2015, panga za mwanga walizoshika waigizaji zilikuwa na taa za kweli, kompyuta iliboresha mng'ao, lakini rangi iliyotua usoni na kwenye theluji ilikuwapo tayari. Na anayezungumza na mhusika asiyekuwapo apewe cha kutazama. Mpira wa tenisi juu ya fimbo unatosha kwa macho, ingawa kwa moyo hautoshi. Ian McKellen amesimulia jinsi alivyovunjika moyo kwenye The Hobbit alipolazimika kuigiza peke yake mbele ya kijani, akizungumza na picha za wenzake.

Siku hizi kuna njia ya kukikwepa kitambaa kabisa. The Mandalorian ya 2019 ilipigwa sehemu kubwa ndani ya ukuta wa taa za LED uliopinda na kumzunguka mwigizaji, ukionyesha mandhari yanayosogea kulingana na kamera. Shujaa wake amevaa chuma kinachong'aa, na mbele ya kijani angegeuka kioo cha kijani. Ukuta unampa mwanga na mwako sahihi papo hapo. Malipo yake ni kwamba mandhari lazima yakamilike kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha, jambo ambalo waongozaji wanaopenda kubadili mawazo hawalipendi. Sakafu bado huletwa kwa toroli, na ule mstari ambapo mchanga wa kweli unakutana na mchanga wa ukutani ni lazima ufichwe kwa mawe, kivuli au vumbi.

Kwa studio ndogo ya Dar es Salaam au Nairobi, ukuta huo ni ndoto ya mbali, lakini programu si kikwazo tena. Blender ni ya bure. Inajenga mandhari, inafuatilia mwendo wa kamera na inachora vivuli. Kinachokosekana mara nyingi ni daftari: urefu wa lenzi kutoka sakafuni, lenzi ya milimita ngapi, kamera imeinama kiasi gani, mwigizaji yuko umbali gani, taa kuu iko wapi. Na picha moja ya mpira wa kijivu, hata kama ni wa plastiki uliopakwa rangi ya duka la vifaa vya ujenzi. Kuupiga picha mpira huo hakumalizi dakika, na ndicho kitu cha kwanza kurukwa pale jenereta inapoanza kukohoa na kodi ya ukumbi inahesabiwa kwa saa.