Mji wa Starehe na Somo la Usafiri

Nchini Marekani, katika miji iliyo mingi, mtu asiye na motokaa ni kama mtu asiye na miguu. Nyumba ziko mbali na maduka, maduka yako mbali na kazi, na baina yao zimetandazwa barabara pana ambazo mwenda kwa miguu hana nafasi. Kwa hiyo ni ajabu kuona kwamba katika nchi hiyo hiyo mamilioni ya watu huweka akiba kwa miezi mingi ili wapate siku chache za kukaa mahali ambapo motokaa huachwa mbali na mlango, na watu wote, wakubwa kwa wadogo, husafiri pamoja kwa basi, kwa kivuko, kwa treni na kwa miguu. Mahali hapo ni Walt Disney World, karibu na mji wa Orlando katika jimbo la Florida.

Wengi wetu tulisikiapo jina hilo huwaza panya wa katuni na ngome ya binti mfalme. Leo twapenda kutazama jambo jingine, nalo ni namna wageni wanavyopelekwa na kurudishwa ndani ya mji huo wa mapumziko. Maana jinsi watu wanavyosafirishwa, nani hupita mbele na nani hungoja, hueleza mengi juu ya jinsi wanavyothaminiwa.

UKUBWA WAKE

Yafaa kwanza msomaji ajue ukubwa wa mahali penyewe. Eneo lote ni kilomita za mraba 100 hivi, yaani karibu mara mbili ya kisiwa cha Manhattan, kitovu cha jiji la New York. Ndani yake mna bustani kuu nne za burudani: Magic Kingdom iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba, 1971; EPCOT ya mwaka 1982; ile inayoitwa sasa Hollywood Studios ya mwaka 1989; na Animal Kingdom ya mwaka 1998. Mna pia hoteli zaidi ya 20, maziwa, misitu na madimbwi. Kutoka Magic Kingdom iliyo kaskazini mpaka Animal Kingdom iliyo kusini magharibi ni mwendo wa kilomita kumi hivi.

Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa kinamasi. Kazi ya kuikausha kwa mifereji iliongozwa na Joe Potter, jenerali mstaafu aliyepata kuwa gavana wa eneo la Mfereji wa Panama. Hata leo kimojawapo cha vivuko vya huko kina jina lake.

Mgeni ajaye Magic Kingdom kwa motokaa yake haegeshi mlangoni. Huiacha katika uwanja mkubwa ng'ambo ya ziwa lililochimbwa na watu, kisha huchagua: ama apande kivuko kiwezacho kuchukua watu 600, ama apande treni ya reli moja ipitayo juu ya nguzo. Wajenzi wangeweza kuweka uwanja huo penye lango, lakini walikusudia mgeni avuke maji kwanza, aziache barabara na kelele zake nyuma, ndipo aione ngome ikichomoza upande wa pili. Ngome hiyo ina urefu wa meta 57, nayo ndiyo dira ya bustani nzima. Njia zote hutoka mbele yake kama vijiti vya gurudumu, hata mtoto aliyepotea aweza kuinua macho akajua kati iko wapi.

VYOMBO VYA SAFARI

Mabasi ndiyo uti wa mgongo wa usafiri wote. Hutembea tangu asubuhi mpaka baada ya bustani kufungwa, wala mgeni hatozwi nauli. Lakini yana kanuni zake. Kila basi huunganisha hoteli na bustani; hapana basi liendalo moja kwa moja kutoka hoteli hata hoteli. Mtu atakaye kwenda kula chakula cha jioni katika hoteli nyingine yampasa apitie kwenye bustani fulani, au kwenye soko la Disney Springs, abadili basi hapo. Asipotenga saa nzima kwa safari hiyo, huenda akakuta meza yake imekwisha kupewa mwingine.

Treni ya reli moja ina mizunguko mitatu. Mmoja huenda moja kwa moja Magic Kingdom, wa pili huzipitia hoteli zilizo kandokando ya ziwa, na wa tatu huenda EPCOT. Katika hoteli iitwayo Contemporary treni hupita ndani kabisa ya jengo, juu ya vichwa vya watu wanaokula. Hata hivyo, mgeni wa hoteli hiyo hahitaji treni kwenda Magic Kingdom, kwani ni mwendo wa dakika kumi tu kwa miguu. Kadhalika kati ya EPCOT na Hollywood Studios mtu aweza kwenda kwa mashua au kwa njia ya miguu ifuatayo maji, na mara nyingi mwenye miguu mizuri humtangulia mwenye kungoja mashua.

Tarehe 29 Septemba, 2019 kiliongezwa chombo kingine, Skyliner. Hivi ni vibanda vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma, kila kimoja chaweza kuchukua watu kumi, navyo hufuatana bila kukoma kati ya EPCOT, Hollywood Studios na hoteli kadhaa. Kibanda hakisimami kituoni, hupunguza mwendo tu. Lakini kwa wasafiri wa viti vya magurudumu, katika vituo kadhaa kibanda huchepushwa pembeni na kusimama kabisa, ili mlemavu apande kwa utaratibu bila kusukumwa wala kuonewa haraka. Jambo hilo ni la kusifiwa. Kasoro ya Skyliner ni radi. Katika miezi ya joto mawingu ya Florida hukusanyika karibu kila alasiri, na umeme upigapo vibanda husimamishwa. Mwenye busara huangalia mbingu kabla ya kupanga safari yake.

Na baada ya vyombo vyote hivyo, kilichobaki ni miguu. Njia inayozunguka ziwa la EPCOT, penye maonyesho ya nchi 11, ina urefu wa karibu kilomita mbili, na hiyo ni sehemu ya bustani moja tu. Si ajabu mtu kutembea kilomita 15 kwa siku. Kwa hiyo wazoefu huwashauri wageni wavae viatu vilivyokwisha kuzoewa, wafike kabla ya malango kufunguliwa, wapumzike hotelini jua linapokuwa kali, na wasijaribu kuzimaliza bustani mbili kwa siku moja wakiwa na watoto wadogo.

MJI ULIOKUSUDIWA

Mpango huo wa usafiri haukuzuka kwa bahati. Walt Disney mwenyewe hakukusudia kujenga bustani tu huko Florida. Katika filamu iliyopigwa Oktoba, 1966 alieleza shabaha yake ya kujenga mji halisi wa watu 20,000, ambao ungeitwa EPCOT. Katikati ya mji huo motokaa na malori yangepita chini ya ardhi, wakazi wangetoka majumbani mwao kwa vigari vya umeme visivyosimama, na safari ndefu zingefanywa kwa treni ya reli moja. Mwenda kwa miguu angekuwa mfalme wa njia.

Disney alifariki tarehe 15 Desemba, 1966, na mji ule haukujengwa. Bustani ya EPCOT iliyofunguliwa mwaka 1982 ilirithi jina, lakini haikurithi wakazi. Basi lile lililokusudiwa kuwa maisha ya kila siku ya raia likageuka kuwa starehe ya siku saba kwa mwenye uwezo wa kulipa. Na nje ya mipaka ya kampuni, Florida imebaki nchi ya motokaa. Treni ya Brightline itokayo Miami ilifika uwanja wa ndege wa Orlando mwezi Septemba, 2023, lakini mpango uliokuwapo wa kuweka kituo cha treni hiyo Disney Springs uliachwa mwaka 2022. Mabasi yaliyowachukua wageni wa hoteli bure kutoka uwanja wa ndege tangu mwaka 2005 nayo yalikoma mwanzoni mwa mwaka 2022.

WASIOONEKANA

Chini ya Magic Kingdom iko njia nyingine ambayo wageni hawaioni. Husimuliwa kwamba katika bustani yake ya kwanza, iliyofunguliwa California mwaka 1955, Disney alichukizwa kumwona mfanyakazi aliyevaa kama mchunga ng'ombe akikatiza katika sehemu iliyojengwa kuonyesha dunia ya kesho. Kwa hiyo huko Florida zilijengwa njia za wafanyakazi chini ya bustani. Na kwa kuwa maji ya ardhini yako karibu sana, njia hizo hazikuchimbwa. Zilijengwa juu ya ardhi, zikafunikwa kwa udongo uliochimbwa kutoka katika lile ziwa, na bustani ikawekwa juu yake. Mgeni anayedhani anatembea chini kwa kweli yuko ghorofa ya kwanza.

Mji huo una wafanyakazi zaidi ya 70,000. Hao ndio waendeshao mabasi, wafungao milango ya vibanda na wafagiao njia. Wao hawalali katika hoteli zile. Wengi hukaa katika miji ya jirani kama Kissimmee, na kodi za nyumba huko zimekuwa zikiula ujira wao. Imeandikwa mara nyingi habari za familia zinazoishi katika vyumba vya hoteli za bei ndogo kando ya barabara kuu ya 192, na sinema iitwayo The Florida Project ya mwaka 2017 ilionyesha maisha ya aina hiyo. Mwaka 2022 kampuni ilitangaza kutoa ekari 80 kwa nyumba za bei nafuu zaidi ya elfu moja. Na mwaka 2023, baada ya mazungumzo marefu, vyama vya wafanyakazi vilipata mapatano ya kima cha chini cha dola 18 kwa saa kufikia mwisho wa mwaka huo. Hawakupewa kama zawadi; walikidai kwa umoja wao.

MSTARI WA WENYE FEDHA

Tuipime dola 18 hiyo kwa kipimo cha mji wenyewe. Zamani fahari ya bustani hizo ilikuwa kwamba tajiri na maskini, wakisha kuingia, walisimama katika mstari mmoja. Mwaka 1999 uliletwa utaratibu wa kuweka nafasi mapema katika baadhi ya michezo, nao ulikuwa bure kwa wote. Tangu mwaka 2021 nafasi hizo huuzwa. Na mwezi Oktoba, 2024 ilitangazwa hati ya juu kabisa ya kupita mstari wa haraka, kwa bei ya kati ya dola 129 na dola 449 kwa mtu mmoja, kwa bustani moja, kwa siku moja, mbali na kiingilio. Mfanyakazi wa dola 18 ahitaji zaidi ya siku tatu za kazi ya saa nane ili apate dola 449, nazo ni bei ya kumwezesha mwenzake asingoje.

Hapa ndipo lilipo jambo zito. Basi la mji huo halimwulizi mtu ana fedha kiasi gani. Lakini mstari wa mchezo sasa humwuliza. Watoto wawili waliokaa kiti kimoja asubuhi hutenganishwa mlangoni kwa mifuko ya wazazi wao. Muda wa mmoja hupunguzwa kwa kuuongeza wa mwingine, maana nafasi ni zile zile.

AFRIKA YA MFANO

Msomaji wa Kiswahili hatakosa kuvutiwa na habari moja zaidi. Ndani ya Animal Kingdom mna kijiji cha Afrika Mashariki cha kubuni kiitwacho Harambe, yaani harambee iliyopunguziwa herufi. Wabunifu wake walichukua mfano wa mji wa Lamu, na kutani mna maandishi ya Kiswahili. Karibu nacho wageni hupanda malori kutazama wanyama katika mbuga iliyopewa jina la Kilimanjaro, na hoteli ya jirani ina majengo yaitwayo Jambo House na Kidani Village. Lakini angalia jinsi ya kufika. Treni haifiki huko, kivuko hakifiki, wala vibanda vya angani havifiki. Afrika hiyo ya mfano hufikiwa kwa njia ya barabara tu.

Na Lamu yenyewe, mji wa kale ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, ina vichochoro vyembamba ambavyo motokaa haiwezi kupenya. Watu wake huenda kwa miguu, kwa punda na kwa mashua. Yaani mji usiohitaji motokaa, ambao Disney aliuota asiujenge, umekuwapo kwenye pwani yetu kwa karne nyingi, bila kiingilio. Wanakili wameichukua milango na kuta zake. Utembeaji wake hawakuweza kuuchukua.

Hatuandiki haya kwa kuwabeza wanaokwenda huko kustarehe na watoto wao. Likizo ni haki ya kila mtu afanyaye kazi. Tusemalo ni kwamba hapana sababu njia salama ya miguu, basi lisilo na ubaguzi na kituo kinachomngojea mlemavu viwe anasa ya wiki moja. Hivyo ni mahitaji ya mji wowote, na miji inayokua leo ingali na nafasi ya kuvipanga kabla barabara hazijajaa. Lililo jema katika mji ule lastahili kuigwa. Ule mstari wa pili tuuache huko huko.