Siafu hawapigi hodi: usafi wa mzinga wa nyuma ya nyumba

Wengi mmeniuliza kwa nini mzinga wangu wa nyuma ya nyumba hapa Tabora umebaki mtupu. Jibu linanitia aibu kidogo: tawi la mpera.

Mzinga niliutundika kwa waya, nikazipaka grisi ili siafu wasipite. Nikajiona fundi! Mvua ziliponyesha mpera ukachipua, tawi moja likagusa mzinga. Siafu wakapata daraja. Asubuhi nakuta majana yameliwa, nyuki wamehama.

Hapo wengi tunakimbilia dawa ya kupulizia. Jamani, msithubutu. Dawa inayoua siafu inaua na nyuki, tena inaweza kubaki kwenye nta na asali utakayompa mwanao. Dawa ni kufunga njia. Fyeka majani chini ya mzinga, kata matawi yanayougusa, na rudia grisi kila inapokauka au kujaa vumbi.

Adui wa pili ni nondo wa nta. Anaingia usiku, anataga, halafu viwavi wake wanatoboa masega na kuacha utando kama wa buibui. Ukiona hivyo, toa sega hilo ulichome au uliyeyushe upate nta. Masega mazuri unayotaka kuyatunza, kama una friza, yagandishe siku 2 kisha yafunge vizuri kwenye mfuko.

Wa tatu ni mende mdogo mweusi wa mizinga. Asili yake ni huku kwetu Afrika. Alipogunduliwa Florida, Marekani, mwaka 1998, alileta hasara kubwa. Nyuki wetu wamemzoea, wanamfukuza wenyewe. Ila kundi liwe na nguvu! Kwa hiyo usivune asali yote, waachie chakula.

Sasa vyombo. Ndoo na visu vya kuvunia vioshe kwanza kwa maji ya baridi. Ukianza na ya moto, nta inayeyuka na kuganda kila mahali. Nta ikishatoka ndio utumie maji ya moto na sabuni, suuza, anika juani. Gundi ya nyuki kwenye mbao ikwangue kwa patasi. Mzinga mtupu ukwangue ndani, kisha pitisha moto wa nyasi kavu haraka haraka kuua mayai ya nondo, bila kuunguza mbao. Ovaroli na glavu zifue, maana harufu ya sumu ya miiba inabaki kwenye nguo na kuwachokoza nyuki.

Na mabaki ya masega usiyatupe chini ya mzinga. Hiyo ni kadi ya mwaliko kwa siafu.

Mpera wangu nimeshaukata matawi, mzinga nimeupaka nta, nasubiri wageni wapya. Je, wewe siafu unawazuiaje? Tupeane uzoefu hapo chini.