Mvuke si urithi wa mababu

WAZAZI waliohamia nchi za mbali wana kazi mbili nzito: kutafuta riziki, na kuwalea watoto wasije wakasahau asili yao. Katika kazi hiyo ya pili, baadhi yao wamekaribisha nyumbani adui wakidhani ni jamaa.

Tuutazame mji wa Dearborn, katika jimbo la Michigan, Marekani. Karne iliyopita, Waarabu kutoka Lebanon na Yemen walivutwa huko na kazi za kiwanda cha magari cha Ford. Huko London nako, barabara ya Edgware Road ina mikahawa mingi ya Kiarabu. Katika miji hiyo shisha ni baraza. Kijana aliyezaliwa ugenini hukaa hapo akasikia muziki wa kwao, na jina lake likatamkwa sawasawa. Hivyo mzazi ambaye angemkemea vikali mwanawe kwa kuvuta sigara huweza kumwachia mrija wa shisha, kwa kuwa eti hiyo ni mila.

Sasa zimezuka sigara za umeme. Kifaa hicho, alichokibuni mfamasia wa Kichina, Hon Lik, mwaka 2003, huchemsha majimaji, mara nyingi yenye nikotini, yakageuka mvuke. Ladha zake ni tufaha, zabibu na nanaa, zile zile za shisha. Kwa kijana aliyekwisha kuizoea harufu hiyo barazani, hatua ya kutoka kwenye mrija hadi kwenye kidude cha mfukoni ni fupi mno. Tena kidude hiki hakihitaji wenzi. Huvutwa kwa siri, mtu peke yake.

Lakini je, ni mila kweli? Tumbaku asili yake ni Amerika. Haikujulikana Uarabuni wala Uajemi kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Nayo tumbaku laini ya ladha za matunda ilianza kuenea sana katika miaka ya 1990. Kinachoitwa urithi wa mababu, kwa sehemu kubwa, ni bidhaa ya kiwandani iliyo changa kuliko wazazi wenyewe.

Madhara yake si madogo. Wataalamu wa afya wa Marekani wanaeleza kuwa kikao cha saa moja cha shisha huwa na mivuto kama 200, ilhali sigara moja ni mivuto 20. Maji hayaondoi sumu ya moshi. Sigara ya umeme ina sumu chache kuliko ya moto, lakini nikotini yake hufunga ubongo wa kijana ambao bado unakua. Ndiyo maana Marekani mwaka 2019 ilipandisha umri wa kuuziwa tumbaku na sigara za umeme hadi miaka 21, na Uingereza ikapiga marufuku zile za kutupwa kuanzia Juni 2025.

Sisi wa pwani tunayo mafunzo yetu. Wazee walikuwa na kiko cha maji, chenye bori na digali, na mlio wa maji yake uliitwa malio. Leo kiko kimetoweka, na maneno hayo vijana wengi hawayajui. Hata hivyo baraza lipo, kahawa ipo, mazungumzo yapo. Utamaduni haukufa pamoja na moshi.

Basi mzazi aliye ugenini ampe mwanawe lugha, mapishi, hadithi na salamu za wakubwa. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Na aliyefungwa na nikotini naye ni mtumwa vilevile.