Ncha Nyeupe za Ukoka: Ugonjwa Unaoanzia Stoo

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote na wenye bustani ni hili: "Fundi, mbolea nimeweka, maji namwagilia asubuhi na jioni, mbona ukoka wangu unageuka rangi ya majivu?" Kabla sijajibu huomba nionyeshwe mashine ya kukatia. Mwenye nyumba hushangaa, maana kaniita nije kutazama udongo, nami naulizia stoo.

Chuma jani moja, ulitazame juani pale lilipokatwa. Kama mkato umenyooka, kana kwamba umepitishwa wembe, basi shida iko kwingine: maji, kivuli au wadudu. Kama ncha imechanika nyuzinyuzi mfano wa mswaki wa mti uliotafunwa, jibu umelipata. Jani hilo limenyofolewa, halikukatwa. Kidonda chake hukauka kwa siku mbili tatu, kikawa cheupe, kisha kahawia. Kiwanja chenye maelfu kwa maelfu ya vidonda hivyo ukikiangalia kutoka barazani utadhani kimeungua. Na si sura tu inayoharibika. Kidonda kilichochanika hupoteza maji mengi kuliko mkato safi, na vimelea vya ukungu hupata mlango wa kuingilia. Mwenye nyumba huongeza maji, majani hulala na unyevu usiku kucha, ukungu ukapata ulichokuwa unakitafuta.

Kwa nini kisu butu kidhuru kiasi hicho? Mashine ya kwanza ya kukatia nyasi ilibuniwa na Mwingereza Edwin Budding, wa Stroud, akapewa hataza mwaka 1830. Wazo alilipata katika viwanda vya nguo vya kwao, kwenye mtambo uliokuwa ukinyoa vinyweleo juu ya kitambaa cha sufu. Mashine yake ilikuwa na visu vilivyojipinda kwenye silinda, vikipita juu ya ubapa wa chuma uliotulia, na jani likibanwa katikati. Yaani ni mkasi unaozunguka. Mashine za aina hiyo bado zipo, na viwanja vya gofu haviachani nazo.

Mashine uliyo nayo nyumbani haifanyi hivyo. Ina kisu kimoja kirefu kinachozunguka kama feni, na jani halina cha kuliegemeza upande wa pili. Linapigwa likiwa limesimama peke yake. Kinachofanya likatike badala ya kulala ni kasi ya kisu pamoja na makali yake. Kisu cha nusu mita kikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake hukimbia mita 78 hivi kila sekunde. Kasi hiyo injini itakupa hata kisu kikiwa butu kama kijiko, na ndiyo maana mtu anaweza kukata mwaka mzima bila kujua kwamba anachana. Mzee anayefyeka kwa kwanja hadanganyiki hivyo. Kwanja likiwa butu, bega lake linamwambia kabla ya saa moja kupita.

Kwa bustani ya kawaida ya nyumbani, nolea kisu kila baada ya saa 20 hadi 25 za kazi. Kiwanja chenye mchanga au kokoto hakingoji muda huo. Kabla ya yote, ng'oa kofia ya plagi uisogeze mbali. Nasema kabla ya yote kwa sababu kisu ukikizungusha kwa mkono huku waya wa plagi umeunganishwa, injini inaweza kushtuka na kuwaka, na vidole havioti tena. Kisha inua mashine upande ambao kabureta na chujio la hewa vitabaki juu. Ukiilaza upande wa pili, oili na petroli vitaingia kwenye chujio, na siku utakayoiwasha majirani watatoka nje kuuliza moshi huo ni wa nini.

Tupa inatosha. Fuata mteremko uliokuwepo kiwandani, karibu nyuzi 30, usibuni wako. Makali yasiwe ya wembe; yakiwa kama ya kisu cha jikoni kilichotumika wiki mbili, hapo panatosha. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilinoa kisu cha mteja kwa grenda hadi kikamulika, nami nikajisifu. Ukingo ulikuwa umegeuka rangi ya bluu, sikuelewa maana yake. Maana yake ni kwamba chuma kimepata joto kupita kiasi, kimepoteza ugumu wake. Kisu kile kilirudi baada ya siku nne kikiwa na mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Tangu siku hiyo anayetaka grenda namwambia aguse tu na kuachia, na ndoo ya maji iwe karibu.

Ukishanoa, pima uzito. Pigilia msumari ukutani, tundika kisu kwa tundu lake la katikati. Upande ukishuka, huo ndio mzito. Uondoe chuma kidogo kidogo hadi kisu kitulie mlalo. Wengi hatua hii huiruka. Kisu kisicho na mizani hutikisa mashine nzima, kikalegeza boliti na kula beringi, hatimaye oili ikaanza kuvuja chini ya injini. Fundi atakuuzia sili mpya, nayo itavuja tena.

Wakati wa kukirudisha, angalia mabawa. Kila kisu cha namna hii kina sehemu ya nyuma iliyopinda, nayo hutazama juu, ndani ya bodi ya mashine. Kazi yake ni kuvuta hewa ili majani yasimame yakatwe. Nimeshaitiwa zaidi ya mara moja mashine "mbovu" ambayo kosa lake lilikuwa kisu kufungwa kichwa chini: inanguruma, inapita, majani yanalala na kuinuka nyuma yake yakiwa hayana jeraha.

Kuna kosa jingine linalowala watu fedha bila sababu. Mashine imegonga kisiki au jiwe, ikazima ghafla, tangu hapo haiwaki, au kamba ya kuwashia inakurudisha mkono kwa nguvu. Watu hukimbilia kabureta, kisha plagi, kisha wanaambiwa wanunue injini. Kumbe chini ya gurudumu zito lililo juu ya injini, lile lenye sumaku, kuna kipande kidogo cha chuma laini kinacholishikilia kwenye shafti. Kimewekwa laini makusudi. Mashine ikigonga, chenyewe hukatika au kupinda, na cheche huanza kupiga wakati usiofaa. Ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote vilivyomo humo. Ukisikia fundi anataja injini mpya baada ya kugonga jiwe, mwombe kwanza afungue gurudumu hilo akuonyeshe. Kama bado inatikisika, pima kutoka ncha ya kisu hadi sakafuni, zungusha nusu duara, pima ncha ya pili palepale. Vipimo vikitofautiana, ama kisu kimepinda ama shafti, na shafti iliyopinda ni habari nyingine kabisa.

Kwa kuwa sasa una futi mkononi, pima na urefu wa kukatia. Namba zilizo kwenye kishikizo cha mashine si sentimita; ni namba tu. Weka mashine juu ya saruji, upime kutoka sakafuni hadi kwenye makali. Ukoka unastahimili sentimita 2.5 hadi 4. Nyasi za Kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na leo zimetandazwa hadi Australia, zinapenda 3 hadi 5. Yale majani mapana ya pwani yanayouzwa kwa jina la nyasi za Pemba yaachie 5 hadi 8, maana hayapendi kunyolewa. Kwa yote matatu, usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkupuo mmoja. Wakati wa masika hilo lina maana ya kukata kila wiki. Ukikosa wiki tatu, panda juu kwanza, kisha shuka baada ya siku chache. Magurudumu manne yakiwa kwenye tundu tofauti utaona ngazi kwenye kiwanja, na huhitaji fundi kukueleza chanzo chake.

Injini nitaipitia haraka kwa sababu haidai mengi. Oili ipimwe kila mara kabla ya kuwasha, mashine ikiwa mahali tambarare. Mashine mpya ibadilishwe oili baada ya saa 5 za mwanzo, kisha kila saa 50. Kwenye vumbi na joto kali, saa 25. Chujio la sifongo lioshwe kwa sabuni, likaushwe kabisa, lipakwe matone ya oili na kukamuliwa; la karatasi likung'utwe tu, usilioshe. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu inakuambia mambo ni mazuri, na yenye masizi meusi makavu mara nyingi inalalamikia chujio. Oili chafu usiimwage penye nyasi. Najua wengine huipaka kwenye nguzo kufukuza mchwa. Bustanini inaacha bato lisiloota kitu kwa muda mrefu.

Ile mashine ya begani inayokata kwa kamba ya nailoni ina kisa chake. George Ballas wa Houston, Marekani, aliibuni mwaka 1971 baada ya kutazama brashi za kuoshea magari zikizunguka, na jaribio lake la kwanza lilikuwa kopo lililotobolewa na kupitishwa kamba ya mshipi wa kuvulia. Nyingi kati ya mashine hizi hazina oili ndani ya injini. Oili yake huchanganywa na petroli. Kitabu kikisema 50 kwa 1, ni mililita 20 kwa kila lita. Kikisema 25 kwa 1, ni mililita 40. Petroli tupu huiua kwa siku moja: pistoni inachubuka na kung'ang'ania ndani ya silinda. Kwa hiyo tenga dumu lake, uliandike kwa rangi isiyofutika, hasa kama kijana wa bustani ni mmoja na madumu yako mawili yanafanana.

Kamba iliyokaa muda mrefu juani au stoo yenye joto hukauka na kukatika ovyo. Ilowekwe kwenye maji usiku mmoja, inarudi kuwa laini, maana nailoni hunywa maji. Usiondoe ile ngao ya plastiki yenye kijisu kwa kutaka kamba iwe ndefu zaidi. Kamba ndefu huilemea injini, na kokoto haziulizi jicho ni la nani. Na wale wanaofunga waya wa chuma badala ya nailoni, naomba waache leo. Waya ukikatika kwa kasi ile unaruka kama risasi.

Kwa bustani yenyewe, ubaya mkubwa wa kamba hii uko kwenye miti michanga. Mtu anafuata majani yaliyoota shinani, kamba inagusa gome, wiki ijayo tena palepale. Chini kidogo ya gome ndimo hupita chakula kinachotoka kwenye majani kwenda mizizini. Gome likivuliwa kuuzunguka mti, mizizi hufa njaa, na mwembe wa miaka mitatu unakauka polepole huku mwenyewe akilaumu mchwa. Zungushia shina duara la nusu mita lisilo na nyasi, uweke matandazo. Hakutakuwa na sababu ya kamba kufika hapo.

Mkasi wa kupogolea michongoma hauna mengi: ufutwe utomvu kwa mafuta ya taa, unolewe upande wenye mteremko tu, na skrubu ya katikati ikazwe hadi visu vyake viwili vigusane bila kukwaruzana.

Nilichoacha mwisho ni uchafu, na si kwa kuwa ni mdogo. Majani mabichi yakigandamana chini ya bodi hushika unyevu, bodi ikala kutu, na pwani chumvi ya hewani huharakisha kazi hiyo. Yakwangue kwa kijiti kila baada ya kukata, kofia ya plagi ikiwa imeng'olewa. Zaidi ya hayo, kijana anayezunguka na mashine moja nyumba kwa nyumba husafirisha ukungu, mbegu za magugu na udongo wenye viazi vya ndago. Ndago ikishaingia, kuing'oa kwa mkono kunakuachia vile viazi ardhini, vikachipua upya. Dakika tano za kukung'uta na kufuta mashine getini, kabla haijaingia, zinaokoa miezi ya kung'oa. Majani safi yaliyokatwa mafupi yaache yaanguke palepale; yanarudisha hadi robo ya naitrojeni ambayo kiwanja kinahitaji.

Mvua za vuli ziko njiani, na mashine nyingi zimelala tangu mwisho wa masika na petroli ileile tangini. Petroli ya zaidi ya mwezi mmoja huanza kuharibika, na gundi yake huziba vitundu vya kabureta vilivyo vyembamba kama sindano. Aliye nayo aitoe leo, kabla hajavuta kamba.